Kuhama chapa ya spektromita ya masi: yaliyonikuta maabara, Dodoma

#1 mpimaji_wa_Nzuguni

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Niko kwenye maabara moja hapa Dodoma. Kazi yetu kubwa ni kupima sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kama aflatoksini, kwenye mahindi, karanga na mtama. Sampuli zinatoka Kongwa, Chemba, Mpwapwa, na msimu ukichanganya zinashushwa hata kutoka soko la Kibaigwa zikiwa bado na vumbi la barabarani. Kwa miaka tisa nimetumia LC-MS/MS ya kampuni moja, mashine inayotenganisha sampuli kwenye safu (bomba jembamba) kisha inapima masi za molekuli na vipande vyake. Naijua hadi mlio wake: ikikohoa nikiwa koridoni najua kama ni pampu au ni gesi. Mwaka huu tumeletewa mpya, ya kampuni nyingine kabisa. Chapa sizitaji, ya zamani wala mpya, msinilazimishe.

Mafunzo yalikuwa siku nne. Fundi akapanda SGR akarudi zake Dar, mimi nikabaki na mashine.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Nilichukua jedwali la mashine ya zamani nikalichapa kwenye mpya kama lilivyo. Aflatoksini B1: ayoni mama 313, vipande 241 na 285, nishati ya mgongano volti 51 na 33. Niliona ni sawa tu, molekuli ni ileile, masi yake haibadiliki kwa sababu imehamia chumba kingine. Nikaingiza standadi, yaani aflatoksini safi ya kiasi ninachokijua. Kilele cha 241 ambacho nimezoea kukiona kimesimama kama kilima cha Mlimwa kikaja kama kichuguu.

Nikampigia fundi kwa hasira. Akanijibu kwa upole tu: mashine ilipita kipimo cha reserpini, kemikali ya kujaribia mashine, 609 kwenda 195, na ripoti niliisaini mimi mwenyewe. Ni kweli niliisaini.

Nilizunguka na tatizo hilo siku tatu. Nikabadilisha safu, nikatengeneza standadi upya, nikaosha chanzo cha ayoni. Jioni ya tatu niko nje na kikombe cha chai, mlangoni umesimama mtungi wa gesi, nikajikuta nausoma. Agoni. Mashine ya zamani inavunja ayoni kwa kuzigonganisha na naitrojeni. Hii mpya inazigonganisha na agoni.

Sasa hesabu yenyewe, maana wengi tulifundishwa chuoni tukaisahau. Ile volteji unayoandika siyo yote inayovunja molekuli. Inayovunja ni sehemu yake: uzito wa gesi, gawanya kwa uzito wa gesi kujumlisha uzito wa ayoni. Naitrojeni ni 28, agoni ni 40. Kwa ayoni ya 313, naitrojeni inakupa 28 kwa 341, kama asilimia 8.2. Agoni inakupa 40 kwa 353, asilimia 11.3. Kwa hiyo volti 51 za naitrojeni ni elektronivolti 4.2 hivi za kuvunjia kweli. Kuzipata hizohizo kwa agoni unahitaji volti 37. Mimi nilipiga 51. Niliisaga molekuli hadi ikapita 241, ikawa vipande vidogo ambavyo hata sikuvitazama.

Volti 33 za kipande cha 285 zinageuka 24. Baada ya hapo nikapima moja moja, nikipanda volti mbili mbili. Kilele kikubwa cha 241 nilikipata kwenye 38.

Basi nikadhani nimemaliza. Bado 313 yenyewe ni dhaifu kuliko nilivyozoea, na muda wa vilele kutoka umesogea hadi baadhi vinakosekana kabisa. Waliokwisha hama chapa, mlifanyaje?

#2 Kamba Mbili

Taja mashine mkuu, bila hivyo ni chai.

#3 mpimaji_wa_Nzuguni

Nimesema sitaji. Kosa lilikuwa la kwangu, kwa nini niwachafulie watu biashara?

#4 mzee_wa_taa

Wanangu, marahaba kwa wote, maana najua shikamoo hamtanipa.

Sisi tulipima sumukuvu kwa vioo vilivyopakwa silika na taa ya mionzi ya urujuanimno. Unadondosha tone, unasubiri kiyeyushi kipande juu, unazima taa ya chumbani. Doa linalong'aa bluu ndiyo B, linalong'aa kijani ndiyo G. Herufi hizo mnazoziandika kila siku zimetokana na rangi hizo, bluu na kijani kwa Kiingereza, sijui kama kuna aliyewaambia. Unalinganisha doa lako na la standadi kwa macho, mwenzako anatazama, mkibishana anaitwa wa tatu.

Ikaja HPLC na kitambuzi cha mng'ao, nikalalamika mwaka mzima. Wakaja na hizo zenu nikastaafu. Kwa hiyo mpimaji, siku tatu zako siyo nyingi.

#5 binti_Chimwaga

Samahani kaka zangu, mimi ni mwanafunzi mwaka wa pili pale UDOM. Ayoni mama na kipande ndiyo nini kwa lugha ya kawaida? Mhadhara niliuhudhuria, ila nyuma kulikuwa na kelele.

#6 MtotoWaKongwa

Dada, fikiria Kibaigwa siku ya soko. Geti la kwanza lina mlinzi mkali, anaruhusu magunia ya kilo 313 tu yapite, mengine yote yanarudishwa. Ndani kuna watu wanayabamiza magunia hayo mpaka yanapasuka. Geti la tatu lina mlinzi mwingine anayehesabu vipande vya kilo 241 peke yake. Gunia la mtu mwingine linaweza kubahatika kuwa na kilo 313, lakini kupasuka likatoa 241 na 285 kwa uwiano uleule ni vigumu sana. Mageti hayo ni kwadrupoli, fimbo nne zenye umeme. Pale katikati ndipo inapokaa gesi anayoisema mpimaji.

#7 binti_Chimwaga

Asante kaka. Mhadhiri angesema hivyo nisingelala.

#8 Fundi Vakyumu

Mpimaji, nimefunga na kutengeneza mashine za kampuni tofauti kwa muda, wacha nikupe kamusi. Siisemi kampuni yoyote kwa ubaya, haya yamo kwenye vitabu vyao.

Kwanza volteji ya mlangoni, ile inayoivua ayoni maji na viyeyushi kabla haijaingia kwadrupoli ya kwanza. Sciex wanaiita DP. Waters ni volteji ya koni. Agilent ni fragmenta. Thermo ni lenzi ya RF, na kwenye zao za zamani lenzi ya tyubu. Kazi zao zinakaribiana, namba zao hazina undugu. Fragmenta ya 135 ni jambo la kawaida kabisa, lakini ukiandika 135 kwenye koni molekuli nyingi zitavunjika mlangoni, na geti la kwanza halitaona kitu. Hapo hakuna hesabu ya kugeuza kama ile ya gesi, kwa sababu umbo la mlango na presha yake ni tofauti. Unapima upya, basi.

Gesi ya mgongano: Sciex na Agilent wanatumia naitrojeni. Waters, Thermo na Shimadzu wanatumia agoni. Kwa hiyo ile hesabu yako wanaihitaji wanaovuka mpaka huo tu. Ukihama ndani ya kundi moja namba zitakaribiana, ingawa presha na urefu wa chumba cha mgongano navyo vina neno lao.

Shimadzu nishati ya mgongano kwa ayoni chanya inaandikwa na alama ya kutoa mbele. Nimewahi kukuta kijana amezifuta zote akidhani aliyeandaa jedwali alikosea kuchapa. Nilicheka, halafu nikakumbuka yangu nikanyamaza.

Gesi ya kukaushia ndiyo inawapoteza wengi. Waters wanaandika lita kwa saa, Agilent na Shimadzu lita kwa dakika, Thermo wana vipimo vyao visivyo na jina. Mtu anaona 1000 huku na 11 kule anashtuka. Gawanya 1000 kwa 60 utapata 16.7, umeshatulia.

Ukubwa wa kilele usikusumbue hata kidogo. Kila kampuni ina namna yake ya kuhesabu ayoni zinazofika kwenye kitambuzi. Eneo la kilele la milioni moja huku linaweza kuwa sawa na elfu hamsini kule, na kelele nayo inapanda na kushuka pamoja nalo. Hata uwiano wa kilele na kelele usiulinganishe hivihivi. Programu moja inapima kelele kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, nyingine inachukua mzizi wa wastani wa miraba (RMS), na hiyo ya pili inakupa uwiano mkubwa zaidi kwa kelele ileile. Wauzaji wanalijua hilo vizuri sana. Chukua karanga safi, itie sumukuvu kidogo unayoijua, uipime mara kadhaa. Jibu hilo halina mwenyewe.

Muda wa vilele kusogea: LC yako nayo ni mpya?

#9 mpimaji_wa_Nzuguni

Nayo ni mpya, zilikuja pamoja.

#10 Fundi Vakyumu

Basi umeshajijibu. Kuna ujazo kati ya pale viyeyushi vinapochanganyikia na mdomo wa safu. Pampu moja ina ujazo mkubwa, nyingine mdogo, na mabadiliko ya mchanganyiko wako yanaifikia safu mapema au kwa kuchelewa. Vilele havijapotea. Madirisha ya muda uliyoyahamisha kutoka mashine ya zamani ndiyo yanafunguka wakati molekuli haijafika. Fungua yote, pima, kisha uyapange upya.

#11 Bwana Zabuni

Mimi ni mtu wa manunuzi, nisitupiwe mawe. Maabara mkiletewa chapa nyingine mnatulaumu sisi. Sheria ya ununuzi wa umma haituruhusu kuandika jina la kampuni tukafunga mlango. Tunaandika sifa, na hata ikibidi kutaja chapa tunaongeza "au inayolingana nayo". Anayeshinda kwenye mfumo ndiye anayeleta. Mkitaka mashine ileile semeni sifa zake vizuri.

#12 mpimaji_wa_Nzuguni

Bwana Zabuni, sikulaumu, ila nikuchokoze. Kwenye sifa mlizotuletea tuzikague kulikuwa na kasi, masi, unyeti, kila kitu. Hakuna aliyeuliza mashine inakula nini. Mimi pia sikuuliza, na nilikaa kwenye kikao hicho nikala na korosho.

Ya zamani ilikuwa inakula naitrojeni tupu, inatengenezwa na jenereta ya gesi kutoka kwenye hewa ya Dodoma, bure isipokuwa umeme na vichujio. Hii bado inataka naitrojeni ya kukaushia, halafu inataka na mtungi wa agoni. Agoni ya wachomeleaji iko mjini, ila yetu ni ya usafi wa asilimia 99.999, na hiyo inatoka Dar. Mtungi mmoja unakaa muda mrefu, chumba cha mgongano kinasukumiwa kidogo sana. Tatizo ni siku unapoisha wakati sampuli za msimu zimejaa friji. Mtungi wa pili uandikwe kwenye zabuni hiyohiyo, usiachwe kuwa ombi la dharura.

#13 Bwana Zabuni

Hilo nimelichukua.

#14 Kamba Mbili

Mnajisumbua na mahesabu ya nini? Kila mashine ya kisasa ina kitufe cha kujirekebisha. Unaweka standadi, unabonyeza, unaenda kula, ukirudi jedwali liko tayari.

#15 Mama Sampuli

Kamba Mbili mdogo wangu, kitufe hicho kinatafuta kipande kikubwa zaidi. Hakijui kuwa kwenye karanga kuna uchafu unaotoa kipande chenye masi hiyohiyo. Standadi iliyoyeyushwa kwenye methanoli haina mafuta wala ngozi ya karanga. Mimi hukibonyeza, nakubaliana nacho kwa nishati, halafu vipande nachagua mwenyewe baada ya kuona dondoo la karanga safi. Na hesabu ya mpimaji ina faida moja: ukijua jibu linapaswa kuwa karibu na 37 kisha kitufe kikakupa 15, unajua kuna kitu hakiko sawa kabla hujapoteza wiki.

Sasa mpimaji mwenyewe. Sisi tulihama miaka kadhaa iliyopita, kutoka upande wa naitrojeni kwenda agoni kama wewe. Hiyo 313 yako dhaifu, umetazama 335?

#16 mpimaji_wa_Nzuguni

Hapana dada. 335 ya nini?

#17 Mama Sampuli

Sodiamu. Aflatoksini badala ya kubeba protoni inabeba sodiamu, 312 na 23. Ikishaibeba haivunjiki vizuri, kwa hiyo huioni kwenye 241 wala 285. Ile ya zamani nayo ilikuwa nayo, ila chanzo cha ayoni kikibadilika, joto na umbo lake, mgawanyo unabadilika. Piga skani ya kawaida kutoka 300 hadi 350 uone. Kiyeyushi chako kina nini?

#18 mpimaji_wa_Nzuguni

Maji na methanoli, na asidi fomiki kidogo. Nitapiga kesho, leo umeme umekatika na UPS tumeiachia pampu tu.

#19 mzee_wa_taa

Taa yangu ilihitaji balbu moja.

#20 mpimaji_wa_Nzuguni

Nimerudi, siku tano baadaye.

Mama Sampuli, ubarikiwe. 335 ilikuwa imekaa pale, imekaribia kulingana na 313. Karibu nusu ya sumukuvu yangu ilikuwa inapita mbele ya geti na mlinzi haiulizi. Nimeongeza amoniamu fometi ya milimoli 5 kwa lita kwenye viyeyushi vyote viwili, na chupa za kioo zilizokuwa zinaoshwa kwa sabuni nimezitoa kwenye kazi hii. 335 imenywea, 313 imenyanyuka. Sabuni hiyo tumeitumia miaka yote tisa, mashine ya zamani ilituvumilia.

Madirisha ya muda nimeyafungua kama Fundi alivyosema. G2, mojawapo ya aflatoksini nne tunazopima (B1, B2, G1, G2), ilikuwa inatoka karibu nusu dakika baada ya dirisha lake kufungwa.

Jambo jingine, nalisema kwa wenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kile kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara. Uwiano wa vipande, yaani 285 kwa 241, usiuhamishe. Unategemea nishati na gesi, kwa hiyo wa mashine ya zamani hauhusiki tena. Msichana tunayefanya naye kazi alitaka kukataa sampuli sita kwa sababu uwiano ulikuwa nje ya asilimia 30 zinazoruhusiwa. Alikuwa analinganisha na namba iliyobandikwa ukutani toka enzi ya mashine ya kwanza. Zote sita zilikuwa na sumukuvu kweli. Kikomo chetu cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 5 za B1 kwa kilo, na 10 kwa jumla ya zote nne. Mojawapo ilikuwa imevuka mbali. Ingetoka hapo ikiwa imeandikwa haikuthibitishwa. Mwaka 2016 mikoa hii, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Karatasi ya ukutani nimeibandua siku hiyohiyo.

#21 Mama Sampuli

Ngozi imenisisimka. Nani alikagua?

#22 mpimaji_wa_Nzuguni

Yeye mwenyewe alirudi kuniuliza. Alisema hawezi kuamini sampuli sita za vijiji tofauti zikosee kwa namna moja.

#23 Mama Sampuli

Huyo mumshike.

Kabla hamjaizima ya zamani, endesheni zote mbili sambamba. Sisi tulichukua sampuli za msimu mzima, zilizo safi na zilizo chafu, tukapima kila moja huku na huku siku moja, dondoo moja. Ndipo tuligundua mpya yetu ilikuwa inasoma chini kidogo kwenye karanga tu, mahindi ilikuwa sawa. Mafuta ya karanga yalikuwa yanakandamiza ayoni zaidi kwenye chanzo kipya. Tukahamia kwenye standadi ya ndani yenye kaboni 13, yaani aflatoksini ileile iliyofanywa nzito na kutiwa kwenye kila sampuli, ile ya 330, tofauti ikaisha. Ni ghali, tunaitia kwa matone.

Na kompyuta ya zamani msiigawe kwa mtu wa mapokezi! Majalada ya kampuni moja hayafunguki kwenye programu ya nyingine. Mkaguzi akitaka kilele cha miaka mitatu nyuma utamwonyesha nini?

#24 Fundi Vakyumu

Naongezea hapo. Wiff ni Sciex, lcd ni Shimadzu, folda yenye d ni Agilent. Waters na Thermo wote wanatumia jina raw, ila la Waters ni folda na la Thermo ni faili moja, msichanganyikiwe. Kuna programu ya bure, msConvert, inayageuza kuwa mzML ambayo ni ya wote. Skyline nayo ni ya bure, inasoma majalada ya kampuni hizi zote tano. Geuzeni mapema, wakati kompyuta ya zamani bado inawaka.

#25 MtotoWaKongwa

Mpimaji, vumbi la Dodoma je? Maana mwezi wa nane hapa ukifungua dirisha unafunga na udongo ndani.

#26 mpimaji_wa_Nzuguni

Hilo halina chapa ndugu yangu. Vichujio vya feni natoa kila Ijumaa, napuliza nje, narudisha. Kitu kimoja nimekipenda kwa mpya: koni ya mlangoni naitoa kuosha bila kuvunja vakyumu, kuna vali inafunga nyuma yake. Naosha kwa maji na methanoli nusu kwa nusu na nusu saa baadaye napima.

Mikono ndiyo bado. Jana nimesimama mbele ya skrini natafuta DP, dakika nzima, hadi msichana akaniambia, "Kaka, hiyo iko kwenye ile nyingine." Tumebandika plasta nyeupe pembeni ya kioo, kushoto majina ya zamani, kulia ya sasa. Mazoea yana taabu.

Sambamba tumeanza Jumatatu. Mahindi ishirini ya kwanza yamelingana vizuri. Karanga ni wiki ijayo, na nina wasiwasi nazo, baada ya maneno ya Mama Sampuli nimeshaagiza hiyo ya kaboni 13.

#27 Kamba Mbili

Sawa nimejifunza, nakiri. Ila mkuu, mkishaizima ya zamani, ile pampu yake ya mafuta mnaipeleka wapi? Nina mtu anaitafuta.

#28 mpimaji_wa_Nzuguni

Ina namba ya mali ya serikali ubavuni, kwa rangi nyekundu. Muulize Bwana Zabuni.

#29 Bwana Zabuni

Mnada ukitangazwa utauona gazetini.